Sauti ya Aliyeshika Pedeli

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa karafuu nilipojiweka mbele ya gari ya baba yake mume wangu, mikono nimeitandaza kama mtu anayeanika shuka, nikapiga ukelele uliowatoa majirani vibarazani: "Gari hii haiendi pahala!" Nyuma ya gari walikuwa wamekaa wachumaji, wake kwa waume, vikapu mapajani. Injini ilikuwa inanguruma. Na mimi nilikuwa bi harusi ambaye hina ya harusi bado haijamtoka kwenye kucha, katika nyumba ambayo mpaka asubuhi ile mwenye nyumba hakuwahi kuisikia sauti yangu ikivuka mlango.

Mwanangu, nitakueleza kwa mpangilio, maana watu wa Ole, huku nilikoolewa, wakikisimulia kisa hiki hukianzia hapo kwenye ukelele na kukimalizia hapo hapo, wakacheka, wakaondoka. Ukelele ulikuja mwishoni. Mambo yalianza alasiri ya siku iliyotangulia, na hata kabla ya hapo, kwetu Micheweni, siku mama yangu aliponikalisha chini kuniusia.

Mama alikuwa anasuka ukili wa mkeka. Akaniambia, "Ukweni, sauti yako isivuke ukili huu. Bavyaa yako usimjibu kwa mdomo ikiwa kichwa kinatosha." Bavyaa ndivyo tulivyomwita baba wa mume, na mavyaa ni mama yake. Zama zile mke mgeni hakupandisha sauti mbele ya bavyaa. Akiwa na neno, alimwambia mavyaa, na mavyaa ndiye aliyelifikisha. Sikusimulii haya ili uidharau adabu hiyo. Ilinifaa kwa mengi. Nyumba yenye watu wengi na kuta nyembamba huhitaji watu wanaojua kupunguza sauti.

Bavyaa wangu aliitwa Mzee Faki. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kutembea ameinamisha kichwa kama anayetafuta sindano. Alikuwa na pikapu iliyofika mikononi mwake ikiwa tayari kuukuu. Ilishapakwa rangi juu ya rangi hata hakuna aliyejua ya kwanza ilikuwa ipi. Msimu wa karafuu alipeleka wachumaji mashamba ya mbali. Msimu ukipita alibeba ndizi na muhogo, na pengine samaki wa Tumbe. Gari aliitengeneza mwenyewe, uani, juu ya magogo ya mnazi. Na alikuwa na desturi moja asiyoivunja: msimu haujaanza, breki kwanza. Alikuwa akisema injini ikikataa mtalala nyumbani, lakini breki zikikataa hamjui mtalala wapi.

Wewe unaijua Pemba yetu. Ni kilima, kisha bonde, kisha kilima. Shamba alilokuwa akipeleka watu msimu ule lilikuwa ng'ambo ya bonde la mpunga. Barabara iliteremka muda mrefu, ikapinda, na huko chini palikuwa na daraja jembamba lisilo na ukingo, maji ya mpunga kushoto na kulia. Dereva alilazimika kukanyaga breki tangu juu na kuishikilia mpaka darajani. Likumbuke hilo la kuishikilia, maana kisa chote kimekaa juu yake.

Na sasa nikueleze kazi yenyewe, ili usipotee. Breki za gari kama ile zinaendeshwa na oili. Ukikanyaga pedeli unaisukuma oili kutoka kwenye chombo cha chuma kinachoitwa masta, inapita kwenye mirija myembamba, inafika kila gurudumu na kulibana. Oili haibonyei, ukiisukuma huku, inasukuma kule. Upepo ndio unaobonyea. Ukiingia upepo kidogo kwenye mirija, nguvu ya mguu wako inaishia kuuminya upepo, na gurudumu halina habari. Kwa hiyo kila baada ya muda, na kila ukifungua kitu, lazima utoe upepo. Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti, anakanyaga mara kadhaa kisha anashikilia. Wa pili yuko chini kwenye gurudumu. Analegeza nati ndogo iliyochomekwa mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa, oili inatoka na mapovu yake, pedeli inazama mpaka chini. Wa juu asiinue mguu. Wa chini anakaza nati, ndipo wa juu anaachia. Akiachia mapema, gurudumu linavuta upepo mpya na kazi inaanza upya. Wanarudia hivyo mpaka oili itoke bila povu, wanakwenda gurudumu jingine, na kila mara wanatazama kikopo cha oili kilicho juu ya masta kisije kikakauka. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, umalizie na la karibu.

Aliyekuwa akikaa kwenye kiti siku zote ni mume wangu, Hamad. Lakini alasiri ile Hamad alikuwa dago na jamaa zake, wamepiga kambi kisiwani kuvua, na wachumaji walikuwa wameshaambiwa waje asubuhi. Mavyaa wangu, Bi Time, goti lilikuwa likimuuma. Bavyaa akasimama uani, akafikiri, akamwambia mkewe:

"Hebu mwambie yule mwenye cherehani. Mguu wake umezoea pedeli."

Mwenye cherehani ya kukanyaga ndiye mimi, nami nilikuwa nimesimama hapo hapo, ndoo mkononi. Bi Time akanigeukia. "Anasema wewe mguu wako umezoea pedeli. Njoo ukae kwenye gari."

Nikamnong'oneza, "Naam, mama."

"Anasema naam," Bi Time akamfikishia mumewe, ambaye ungeweza kumgusa kwa ufagio.

Nikapanda. Bi Time akaweka mbuzi yake ya kukunia nazi karibu na mlango wa gari, akakaa. Bavyaa akaingia uvunguni, miguu peke yake ikabaki nje.

"Kanyaga!"

Nikakanyaga. Nikaitikia kwa kichwa.

"Keshakanyaga?"

"Anaitikia kwa kichwa," akasema Bi Time.

"Na mie huku chini n'kione na nini hicho kichwa?"

Ikapitishwa basi kwamba mimi nimnong'oneze Bi Time, naye apaze sauti. Kwa gurudumu la kwanza tulikwenda vizuri. Anasema kanyaga, nanong'ona "nimeshika," Bi Time anaita "keshashika," oili inatoka chupani, kisha maneno yanarudi kwangu kwa njia ile ile. Tukiwa kwenye gurudumu la pili, akapita jirani yetu Bi Asha, mwanamke asiyepita mahali bila kuuliza habari za kila mtu mpaka paka. Bi Time akawa anajibu salamu huku anakuna nazi huku anatupelekea maneno. Bavyaa akaita, "Nafunga!"

"Achia, anafunga," Bi Time akaniambia.

Nikaachia. Kutoka uvunguni nikasikia mlio mdogo, kama mtoto anayefyonza mwisho wa uji.

"Nani kasema aachie?"

"Si wewe?"

"Mie nimesema nafunga!"

"Kufunga na kuachia si yote kumaliza?" akauliza Bi Time, na Bi Asha naye akasema kwa maoni yake ni kumaliza.

Tukalirudia gurudumu lile. Tukarudia tena, maana mara hiyo "kanyaga" ilinifikia nikiwa tayari nimeambiwa "achia". Miguu ya bavyaa ilikuwa ikitikisika kwa hasira, lakini mdomo wake haukutoa neno baya. Hatimaye magurudumu yote yakaisha. Jua lilikuwa limeinama, chungu cha Bi Time kilikuwa kinaungua jikoni.

"Mwambie akanyage kwa nguvu, ashikilie, aseme imekaaje."

Nikakanyaga. Pedeli ikasimama juu, ngumu, vizuri kabisa. Nikaishikilia. Na nilipoendelea kuishikilia nikahisi mguu wangu unateremka. Haukuanguka, uliteremka kidogo kidogo, kama mzee anayejikalisha mkekani. Nikaachia, nikakanyaga tena. Ikawa ngumu tena, na nilipoikandamiza ikazama tena. Cherehani haifanyi hivyo. Nikamwinamia Bi Time:

"Imekaza, lakini nikiikandamiza kwa muda inazama polepole."

Bi Time alikuwa ameshasimama, anatazama moshi wa jikoni. Akaita, "Imekaza!"

"Alhamdulillahi," akasema bavyaa, akajitoa uvunguni.

Nikafungua mdomo. Akanipita akifuta mikono kwa tambara, akasema "Ahsante, mwanangu" bila kunitazama, kama adabu ilivyotaka. Nikaufunga mdomo.

Jioni tulipokuwa tunapakua chakula nilimwambia Bi Time tena. "Mama, ile pedeli inazama."

"Mwanangu," akanijibu, wala hakunijibu kwa ubaya, "wewe unajua cherehani. Gari anaijua mwenyewe. Kama ina kitu atakiona asubuhi."

Maneno hayo yalikuwa na haki yake. Nikayakubali. Asubuhi wachumaji wakaja, wakapanda, wakagombania mahali pa kukaa. Bavyaa akaingia, akasema bismillahi, akawasha gari. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Nikamtazama mguu. Akakanyaga breki haraka, akaachia. Akakanyaga haraka, akaachia. Akaridhika.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini hatakiona. Pedeli ile ukiipiga na kuachia ilikuwa ngumu kama jiwe. Udanganyifu wake ulianza ukiishikilia, na yeye hakuwa na sababu ya kuishikilia hapa uani, mahali tambarare. Sababu ingempata kule mteremkoni, akiwa na watu nyuma na daraja mbele. Mtu pekee aliyekwisha kuishikilia na kuisikia inazama alikuwa mimi.

Sinia liliwekwa chini au lilianguka, mpaka leo tunabishana. Nikajikuta mbele ya gari.

"Gari hii haiendi pahala!"

"Lo!" akasema Bi Asha, aliyekuwa mmoja wa wachumaji. "Bi harusi ana sauti! Na tuliambiwa bubu."

"Wa Micheweni huyo," mwingine akajibu. "Kule wamezoea kupigia kelele mawimbi."

Wakacheka. Bi Time akatoka jikoni, mikono ina unga, akanitazama kama mtu aliyeona kuku anaogelea. Nikajua nimejitia aibu ambayo ingefika kwetu kabla ya adhuhuri. Nikawaza kuwa nikirudishwa kwa mama, nitamwambia nini. Lakini sikusogea.

Bavyaa akazima injini. Akatoa kichwa dirishani. Mara ya kwanza tangu nimekuja nyumbani kwake, akaniuliza mwenyewe.

"Nini, mwanangu?"

Nikamjibu mwenyewe. "Baba, kanyaga breki. Halafu usiachie."

Akakanyaga. Nilikuwa namtazama uso. Mwanzo haukuwa na kitu. Kisha nikaona nyusi zinakutana, na bega la kulia linateremka kidogo kidogo, linaufuata mguu. Akaachia, akarudia. Bega likateremka tena.

"Teremkeni, jamaa," akasema.

Manung'uniko yakaanza. Karafuu zinakomaa, siku inapotea, na shamba liko mbali. "Wa Micheweni mmoja kasimamisha msimu mzima," akasema Bi Asha. Mzee mmoja aliyekwisha kushuka na kikapu chake akamjibu, "Yakhe Asha, teremka. Utakwenda kwa miguu, lakini utafika nayo." Huyo ndiye aliyenitetea wa kwanza, na nilimpelekea futari yake kila Ramadhani mpaka alipofariki, Mungu amrehemu.

Walipoondoka, bavyaa akachutama akatazama ndani ya kila gurudumu. Palikuwa pakavu. Oili haikuvuja nje. Kumbe ilikuwa inajivujia ndani, ndani ya masta. Akasimama.

"Jana ulilijua hili?"

"Nililihisi, baba. Nikalisema."

"Ulimwambia nani?"

Bi Time akajibu mwenyewe, na kwa hilo nampa heshima mpaka leo. "Aliniambia mie. Alisema imekaza lakini inazama. Mie nikachukua la kwanza."

"Na la pili?"

"Chungu kilikuwa kinaungua."

Bavyaa akakaa kwenye gogo. Nilidhani atagomba. Akacheka kimyakimya, mabega yanatikisika, mpaka Bi Time naye akacheka, na mimi nikacheka ndani ya ushungi. Alipomaliza akanigeukia, na uso wake ukawa si wa kucheka tena. Nikueleze aliyoniambia kama alivyoyasema, maana ndiyo niliyokuitia.

"Mwanangu, kusema umesema, na Mungu akulipe. Lakini umesimama mbele ya gari ambayo wewe mwenyewe unajua haina breki. Ingesimamishwa na nani, na kwa kitu gani? Usifanye tena. Neno ambalo lingesemwa jana ukiwa umekaa kitini, leo limekutoa mpaka mbele ya magurudumu. Ukinyamaza sana, siku ya kusema inakuja ghali." Kisha akamgeukia mkewe, lakini kwa namna ya kunisikizisha na mimi. "Na tangu leo, gari ikiwa juu ya magogo, hapa hakuna bavyaa wala mke wa mwana. Kuna mtu wa juu na mtu wa chini. Wa juu atasema na wa chini kwa mdomo wake, kwa sauti. Tukishafunga boneti, kila mtu arudi kwenye adabu zake."

Akapanda baiskeli kwenda mjini Chake kutafuta raba mpya za masta. Aliporudi aliifungua mbele yangu juu ya gunia safi, akanionyesha. Raba ya ndani ilikuwa imelika ukingoni, na ukuta wa chuma ulikuwa na vidoa vya kutu. Akaniuliza kutu imeingiaje mahali panapokaa oili tupu. Akanionyesha chupa ya oili iliyobaki. Ilikuwa ya kupimiwa dukani, kutoka kwenye kopo lililokwisha kufunguliwa, sijui likakaa wazi muda gani. Oili ya breki hunywa maji kutoka hewani, mwanangu, na hewa ya kisiwa hiki unaijua. Hata chumvi kwenye kibuyu hulowa. Maji yakiingia humo, chuma kinashika kutu na raba inakwaruzwa. Na ukishuka mlima breki zikapata moto, maji yale huchemka yakawa mvuke, na mvuke unabonyea kama upepo. Tangu siku ile hakununua tena ya kupimiwa. Alinunua kopo dogo lililofungwa kiwandani, akalifungua siku ya kazi, na iliyotoka chupani na mapovu yake hakuirudisha garini hata iwe safi vipi machoni.

Kutu ile aliisugua kwa uangalifu, akaosha kwa oili mpya na si kwa petroli, akaweka raba, akafunga. Kisha tukatoa upepo upya. Mara hii Bi Time alikaa mbali, anamenya muhogo, na kazi yake ilikuwa kusikiliza tu.

"Kanyaga!"

"Nimeshika!" Sauti ilinitoka ndogo.

"Sikusikii!"

"Nimeshika!"

"Nafungua. Shikilia… shikilia… Nimefunga. Achia!"

"Nimeachia!"

"Sasa mwasikia hawa," Bi Time akawaambia majirani walioanza kuchungulia. "Mtu na bavyaa yake wanaitana kama wauza samaki wa Tumbe."

Magurudumu yote manne tuliyamaliza kabla muhogo wake haujaisha kumenywa. Bavyaa akaniambia nishikilie pedeli. Nikaishikilia. Akazunguka gari zima akitazama kila kiungo, akaosha kwa maji mahali oili ilipodondokea rangi isije ikaila, akarudi, akaniuliza imekaaje. Nikamwambia, kwa sauti ya kumfikia, kwamba imekaa na haijasogea hata unywele.

Asubuhi iliyofuata wachumaji walirudi. Bi Asha akakataa kupanda mpaka na mimi nipande. Alisema aliyeisimamisha gari aiteremshe. Nikakaa mbele, katikati ya bavyaa na Bi Time, nimeshika ushungi. Tulipofika kwenye mteremko bavyaa akakanyaga na kushikilia, na mimi mguu wangu wa kulia ukawa unakandamiza sakafu tupu pamoja na wake. Gari ikateremka kwa heshima zake zote. Darajani ikasimama kabisa, mbuzi wakapita, tukaendelea. Nyuma waliimba.

Bavyaa na mavyaa wametangulia mbele ya haki, na pikapu ile mabati yake yalishakuwa mlango wa banda la kuku. Sasa mimi ndiye mavyaa. Mwanangu wa kuzaa, Omar, ana gari yake, nayo kuukuu, anabebea samaki kutoka Tumbe. Ameoa mwaka huu. Mkewe, Salama, ni mtoto mwenye adabu, na hatukumwambia anyamaze. Amekuja nao ukimya wake kutoka kwao kama mimi nilivyokuja na wangu.

Juzi breki za gari ile zilianza kulegea. Omar alikuwa amelala ana homa. Hamad, mume wangu, ambaye mgongo wake haupendi tena uvungu, akatandika gunia akaingia. Salama akakaa kitini. Mimi nilikuwa kwenye kigoda, karibu na mlango wa gari, mahali pale pale alipokaa Bi Time, na mbele yangu nina nazi. Sikupanga.

"Kanyaga!" Hamad akaita.

Salama akakanyaga. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akanitazama mimi.

Mwanangu, mdomo ulishaanza kufunguka. Neno lilikuwa dogo na ningemsaidia kwa mapenzi tu. Nikachukua mbuzi yangu na nazi yangu, nikaingia jikoni, nikafunga mlango. Nikasimama nyuma yake, nikisikiliza. Nikakaa kwenye mbuzi, nikaanza kukuna nazi polepole.

"Yuko mtu huko juu?" Hamad akauliza.

"Nimeshika, baba," ikasikika, nyembamba.

"Sikusikii, mwanangu! Masikio yangu mazee!"

"Nimeshika!"

Jogoo wa jirani akanyanyuka. Nikaendelea kukuna.

Basi sikiliza. Adabu ni kitu kizuri na usiiache nyumbani popote uendako. Lakini ukikaa mahali ambapo mguu wako ndio unaohisi, iwe kwenye gari, iwe mashua, iwe dawa ya mgonjwa au mtihani wa mtoto, ulichohisi kifikishe wewe mwenyewe, kwa yule anayehusika, chote, sehemu nzuri na sehemu mbaya pamoja. Usimpe mtu wa katikati akuchagulie. Kiseme mapema, gari ikiwa bado juu ya magogo. Na ukiwa wewe ndiye wa chini, mwenye spana, mwulize wa juu, kisha umngoje ajibu. Usiseme alhamdulillahi kwa nusu ya jibu. Na gari yako ukiikagua, usiipige breki na kuachia. Kanyaga, shikilia, vuta pumzi, ngoja. Nyingi ya zinazodanganya hudanganya kwa muda huo mdogo.

Mungu akupe mguu unaohisi na ulimi unaofikisha. Akupe wakwe wenye masikio. Miteremko yote uliyoandikiwa akuteremshe salama, na huko chini ukute daraja lipo.

Magurudumu matatu ya gari ya Omar tumeshayamaliza, oili inatoka safi bila povu. La nne, la mbele kulia, nati yake imeshikwa na kutu na inakataa spana. Hamad anaogopa kuilazimisha isije ikakatika. Tumeitilia mafuta ya kulegeza tangu jana, Salama anaigongagonga kidogo kidogo kwa nyundo ya Omar, na samaki wa Tumbe wanatungoja. Mpaka nakuambia haya bado haijageuka.